Tope Lililo Mbele ya Mlango Wako

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, nataka tuzungumze juu ya jambo dogo, dogo kiasi kwamba mtu anaweza kuona haya kuliandikia makala katika gazeti la vijana wa Kiislamu. Jambo lenyewe ni tope. Sisemi tope kwa mafumbo. Nasema tope linaloshuka na mvua ya usiku, watu wakalikuta asubuhi limelala njiani mbele ya nyumba ya mtu. Swali langu ni hili: nani anawajibika kuliondoa?

Kwetu ni Bugoye, wilaya ya Kasese. Ukitoka Kasese mjini kuelekea Fort Portal unaiacha barabara kuu, unapanda kuufuata mto Mubuku, njia hiyohiyo wanayopita wageni waendao Nyakalengija kuanza safari ya kupanda Rwenzori. Nyumba zetu nyingi zimekaa ubavuni mwa mlima, moja juu ya nyingine kama ngazi, katikati ya migomba na mibuni. Kijia kinachotuteremsha barabarani kinapita mbele ya milango yetu. Mvua ikinyesha huko juu, kila kilicholegea hushuka: udongo, mawe, majani, na mara nyingine mbegu za maharage ambazo mtu alizipanda jana yake.

Nilikuwa likizoni, wakati wa mvua za mwisho wa mwaka. Usiku ule ilinyesha bila kupumzika. Alfajiri niliamka, nikatawadha, nikashika njia kwenda msikitini. Mbele ya lango letu palikuwa na lundo la tope na mawe, limekikatiza kijia upande mmoja hadi mwingine. Nilimulika kwa simu, nikainua kanzu, nikaruka. Baada ya sala nilirudi, nikaruka tena, nikaingia ndani nikalala. Naandika ukweli ili makala hii isije ikawa mawaidha ya kuwapa wengine. Niliona udhia njiani mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa na wudhu.

Ilipofika kama saa moja nilisikia kelele. Bibi jirani yetu, ambaye si Mwislamu, alikuwa akishuka na kikapu cha maparachichi kwenda kuuza barabarani. Aliteleza palepale, akauangukia mkono wake, na kifundo cha mkono kikavunjika. Mama alitoka mbio, tukamwinua, tukamtafutia boda boda ya kumpeleka kwenye matibabu. Nilipomwomba radhi alinitazama kwa mshangao. "Ni mvua, mwanangu," alisema. "Wewe umefanya nini?"

Ni kweli, sikuwa nimefanya kitu. Ndicho kilichoninyima raha siku nzima.

Jioni tulilizungumza nyumbani. Baba alisema, "Tope si letu. Limetoka juu. Aliyechimba mtaro wa shamba lake ukaishia njiani ndiye wa kuulizwa." Mama akamjibu kwa upole, "Ni sawa, Baba. Lakini bibi hakuangukia huko juu. Ameanguka hapa."

Tangu siku ile maneno hayo mawili hayajaniacha. Baba aliuliza nani ameleta madhara. Mama aliuliza madhara yametokea kwenye mlango wa nani. Naamini kila mmoja alishika sehemu ya haki, na kwamba dini yetu inatufundisha namna ya kuziunganisha sehemu hizo mbili.

Aliyetupa na aliyekuta

Wanazuoni wetu hawakulidharau swali la njia. Katika Minhaj ya Imam An-Nawawi, kitabu kinachotegemewa sana katika madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu Afrika ya Mashariki tunayafuata, imeelezwa kuwa mwenye kutupa takataka au maganda ya tikiti njiani anabeba dhamana ya atakayedhurika kwayo. Imeelezwa pia kuwa mtu anaruhusiwa kuutoa mlizamu wa paa lake uelekee njia ya watu wote, lakini kitakachoharibika kwa sababu ya mlizamu huo ni juu yake, kwa kauli mpya ya Imam Shafi. Tuizingatie mizani hii. Kuruhusiwa kufanya jambo hakumwondolei mtu dhamana ya matokeo yake. Maji ya bati lako yana ruhusa ya kuanguka, ila yakichimba shimo njiani, shimo hilo lina mwenyewe.

Kwa hiyo Baba hakukosea. Aliyeelekeza mtaro wake kwenye kijia ana jambo la kujibu, na kumwambia hivyo kwa adabu si fitina.

Lakini vipi kuhusu kitu ambacho hakuna mtu aliyekileta? Wanazuoni walikijadili hicho nacho, kwa mfano wa ukuta. Mtu akijenga ukuta umeinamia njia, dhamana ni yake. Akiujenga wima, kisha ukainama wenyewe na kuanguka, kauli yenye nguvu katika Minhaj ni kwamba hatozwi. Hata hivyo imetajwa kauli ya pili, kwamba ikiwa aliweza kuubomoa au kuutengeneza na hakufanya, atatozwa. Wanazuoni wa Hanafi nao huangalia kama alionywa: akionywa, akapata nafasi ya kuuondoa, akaacha, basi anabeba.

Tope lililoshushwa na mvua linafanana na ukuta ulioinama wenyewe. Pengine kadhi asingetutoza shilingi hata moja kwa mkono wa yule bibi. Lakini kadhi huulizwa nani atalipa. Swali la nani alipaswa kuinama na kuchukua jembe ni jingine, na kutotozwa na kadhi si hoja ya kumpelekea Mola.

Theluji ya watu wengine

Sisi watu wa Bugoye tunaishi chini ya theluji. Jina Rwenzururu katika Lhukonzo limefungamana na theluji hiyo, na kilele cha Margherita chenye mita 5,109 bado kina barafu, ingawa imepungua sana tangu kilipopandwa mwaka 1906. Lakini theluji ile haijawahi kuteremka hadi mlangoni mwa mtu. Inatufikia ikiwa imeshakuwa maji ya Mubuku. Iko miji mingine duniani ambako theluji huangukia mlangoni hasa, na watu wake wamelazimika kulijibu swali letu kwa sheria.

Chukua Minneapolis, huko Marekani, ambako wanaishi maelfu ya ndugu zetu Waislamu wenye asili ya Somalia. Sheria ya mji ule inamtaka mwenye nyumba asafishe njia ya waendao kwa miguu iliyo mbele ya nyumba yake ndani ya saa 24 baada ya theluji kuacha kuanguka. Asipofanya, mji unaweza kuisafisha na kumpelekea gharama. Theluji hakuitupa yeye, na njia ile si yake kuifunga. Hata hivyo sheria inamtazama yeye kwanza, kwa sababu mlango wake ndio ulio pale.

Wala wao hawajakubaliana katika kila kitu. Katika jimbo la Massachusetts mahakama zilikuwa zikitenganisha theluji iliyojiangukia yenyewe na ile iliyorundikwa na mtu, na mwenye mali alisalimika kwa ile ya kwanza. Mwaka 2010 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliuacha utengano huo, ikasema mwenye mali anapaswa kuchukua hadhari inayofaa kwa theluji yote. Jimbo la Illinois limebaki na kanuni ya zamani. Sitaji mahakama hizi kama hoja ya dini. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha kuwa watu wenye theluji ya futi mbili waligongana na swali lilelile waliloligonga wanazuoni wetu kwa ukuta ulioinama: je, mtu anaulizwa kwa alilolileta tu, au na kwa alilolikuta?

Mlango ulio karibu zaidi

Jibu langu ni kwamba anaulizwa pia kwa alilolikuta, na sababu yake ni ukaribu.

Imam Bukhari amepokea kuwa Bi Aisha (r.a.) alimwambia Mtume (s.a.w.) kwamba ana majirani wawili, akamuuliza zawadi ampe yupi. Mtume alimwelekeza kwa yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Hadithi hii tunaisoma sana tunapozungumzia kupeleka sahani ya pilau. Lakini ndani yake mna msingi mkubwa: umbali wa mlango unagawa haki. Na kinachogawa haki kinagawa na wajibu.

Kwa nini iwe hivyo? Kwanza, aliye karibu ndiye anayejua mapema. Mwenyekiti wa kijiji amelala ng'ambo ya bonde. Mimi nililiona tope kabla jua halijatoka. Pili, aliye karibu anaweza kwa gharama ndogo. Lundo lile lingenichukua robo saa na jembe lililokuwa limeegemezwa nyuma ya jiko. Tatu, aliye karibu ndiye anayefaidika na njia kila siku. Kijia kile ndicho kilichotuletea mabati ya nyumba kichwani mwa watu, ndicho kinachotoa kahawa yetu, ndicho kitakachoyapitisha majeneza yetu. Haiwi sawa njia kuwa yetu tunapoitumia, kisha ikawa ya serikali inapochafuka.

Hapo ndipo tunapokosea tunapoitaja faradhi kifaya. Wengi wetu tunaitaja kana kwamba ni ruhusa ya kukaa: wakifanya wengine, sisi tumesalimika. Lakini wanazuoni wamesema pia kwamba asipokuwepo wa kuitimiza isipokuwa mtu mmoja anayejua na anayeweza, kwake inageuka faradhi aini. Mtu akizama mtoni, na ukingoni amesimama mwogeleaji mmoja tu, huyo hana wa kumwachia. Sasa nijiulize: alfajiri ile, mbele ya lango letu, nani mwingine alikuwa amesimama ukingoni?

Tunajua sote kuwa Mtume (s.a.w.) ameifundisha imani kuwa ina matawi zaidi ya sitini au zaidi ya sabini, la juu kabisa likiwa ni tamko la tauhidi, na la chini kabisa kuondoa udhia njiani. Ilinipata tabia ya kulisikia neno "la chini" kama vile ni "lisilo na uzito". Siku hizi nalisikia vingine. Tawi la chini ndilo lililo karibu na ardhi, linalofikiwa na kila mkono, hata wa mtoto. Mtu akishindwa kulifikia hilo, nani ataamini kwamba ameyashika ya juu? Na tunakumbuka hadithi ya mtu aliyekuta tawi la miiba njiani akaliondoa, na Mwenyezi Mungu akamshukuru kwa hilo na kumsamehe. Hadithi haisemi kuwa mtu yule ndiye aliyeuotesha ule mti.

Wapo watakaosema kuwa amri hizi ni kwa njia ya Waislamu, na bibi yule si Mwislamu. Ndugu yangu, katika kijiji kama chetu njia ni moja. Wanapita humo mtoto wa Kikatoliki aendaye shule, mama wa Kianglikana aendaye sokoni, na imamu aendaye msikitini. Abdullah bin Amr (r.a.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, jambo aliloliuliza ni kama jirani yao Myahudi amepelekewa, kwa sababu alimsikia Mtume akieleza jinsi Jibrili alivyomhusia juu ya jirani. Jirani ana haki kwa ujirani wake.

Je, hiyo si kazi ya serikali?

Hoja hii ni nzito na sitaki kuikwepa. Katika Uganda barabara ndogo za jamii ziko chini ya serikali ya kaunti ndogo, na kila kijiji kina baraza lake la LC1. Tunalipa kodi kwenye sabuni, sukari na muda wa maongezi. Tuna haki ya kudai makalvati na mitaro, na kunyamaza si ucha Mungu. Umar bin Khattab (r.a.) ananasibishiwa kauli mashuhuri kwamba alichelea kuulizwa na Mola wake hata juu ya mnyama atakayejikwaa huko Iraq kwa kuwa hakumsawazishia njia. Kiongozi anayewaachia wananchi kila kitu kwa kisingizio cha kujitolea hajaielewa hofu ile.

Yako pia mambo ambayo hakuna mwenye nyumba anayeyaweza. Mei 2013 mto Nyamwamba ulivunja kingo zake ukapita Kilembe hadi Kasese mjini. Mei 2020 mito yetu ilifurika tena, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa vibaya. Anayemwambia mtu aliyepoteza nyumba katika maji yale kwamba angesafisha mtaro wake, huyo anamwongezea msiba.

Lakini ukubwa wa wajibu wa serikali haufuti udogo wa wajibu wangu. Yako yanayohitaji greda na yako yanayohitaji jembe. Kaunti ndogo haitakuja kuniondolea mawe sita mbele ya lango langu kabla ya saa moja asubuhi, hata iwe na uadilifu wa namna gani. Na madogo haya si madogo kwa mwili wa mtu. Watafiti waliochunguza kumbukumbu za kituo cha afya cha Bugoye baada ya mafuriko ya 2013 waliona kuwa wakazi wa vijiji vilivyopakana na mto uliofurika walikuwa katika hatari zaidi ya kukutwa na malaria kuliko kabla yake. Mafuriko hayazuiliki kwa jembe, lakini maji yanayobaki yametuama katika mtaro ulioziba mbele ya nyumba, hayo yanaweza kufunguliwa na mtu mmoja.

Je, si uonevu kwa walio chini?

Hoja hii kwangu ni nzito kuliko ile ya kwanza. Tukisema kila mtu asafishe mbele ya mlango wake, basi mwenye nyumba ya chini kabisa atasafisha tope la mlima mzima. Na mwenye nyumba ya juu atalisukuma tope lake hatua kumi, aseme, "Mimi mbele yangu ni peupe." Hilo si kuondoa udhia. Ni kuuhamishia kwa jirani, na Mtume (s.a.w.) ametukataza kudhuru na kulipizana madhara.

Tukumbuke mfano wa jahazi aliotupigia Mtume (s.a.w.). Watu walipiga kura, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini walipochoka kupanda kufuata maji walifikiria kutoboa tundu katika sehemu yao, wakiona ni haki yao. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakishikwa mikono, wote wataokoka. Mlimani kwetu mambo yamegeuka: walio juu ndio wanaotoboa, na maji yanaingia kwa walio chini. Lakini jahazi ni lilelile. Mtu aliye juu hawezi kusema shamba ni langu, nitaelekeza maji nipendako. Na aliye chini hana haki ya kukaa kimya kisha akalalamika kaburini.

Kwa hiyo sisemi kwamba wajibu wa mwenye mlango ni wajibu wa pekee. Nasema ni wajibu wa kwanza. Yeye ndiye wa kuondoa hatari iliyopo sasa hivi, ili mtu asivunjike. Akishamaliza, ana haki, na hata ni juu yake, kupanda mlima na kuuliza maji haya yanaanzia wapi. Kuondoa tope ni haki ya mpita njia. Kuzuia tope lisije tena ni haki yetu sote, juu na chini, kwa mitaro inayofuata kingo, kwa matuta, kwa majani yanayoachwa yashike udongo.

Na asiyeweza?

Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake. Yule bibi naye ana nyumba, na mbele ya nyumba yake kinapita kijia hikihiki. Tukipitisha kanuni ya kijiji kuwa kila nyumba isiyosafisha itozwe faini, wa kwanza kutozwa angekuwa yeye, mkono ukiwa umefungwa shingoni. Hapo tunaona mpaka wa sheria. Mlango ulio karibu ukishindwa, wajibu hauanguki chini. Unahamia mlango unaofuata. Hiyo ndiyo maana hasa ya kifaya: jambo halitakiwi kubaki bila mtu.

Majirani zetu wamejaribu njia mbalimbali. Rwanda ina umuganda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Tanzania wana neno msaragambo kwa kazi ya pamoja ya kijiji. Ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe wazee bado wanaikumbuka salongo ya enzi za Mobutu, na wengi hawaikumbuki kwa furaha, kwa sababu ilikuwa ni kazi ya amri. Kazi ya pamoja ina baraka, lakini ina udhaifu wake: ina siku yake, na tope halina siku. Ikinyesha Jumanne, hakuna wa kungojea Jumamosi. Na jembe linaloinuliwa kwa sababu karani anaandika majina litashushwa karani akigeuka. Ndiyo maana sheria haitoshi bila imani, na imani bila mapatano ya majirani huishia kumchosha mtu mmoja mwema.

Nasi wa chuoni

Huenda unasema, mimi sina nyumba, nimepanga chumba. Mwenye nyumba ni mtu mwingine, namlipa kila muhula. Haya, tuangalie hosteli zetu. Nani anayemwaga maji ya vyombo dirishani yakateleza njiani? Nani anayetupa maganda ya ndizi na ile mifuko ya plastiki tunayoiita kavera katika mtaro, mvua ikija mtaro ukatapika hadi mlango wa msikiti wa chuo? Hapo hakuna mjadala wa theluji na ukuta ulioinama. Hapo sisi ndio watupaji, na dhamana ni yetu kwa kauli iliyo wazi.

Na hata kwa tusichokitupa, mlango ni wa anayeutumia. Hadithi ya haki za njia iliwahusu watu waliokaa njiani tu, wala hawakuwa wenye njia. Walipomwambia Mtume (s.a.w.) kuwa hawana budi na vikao vyao, aliwataka waipe njia haki yake, na katika haki hizo akataja kuzuia udhia. Kama kukaa kwa saa moja kunaleta haki, kulala hapo muhula mzima kunaleta nini?

Yaliyofuata nyumbani kwetu si makubwa. Jumamosi ile mimi na mdogo wangu tulichimba mtaro mfupi pembeni ya kijia, Baba akaugeuza mlizamu wa nyumba ambao, tulipoutazama vizuri, nao ulikuwa ukimwaga njiani. Alikwenda mwenyewe kuzungumza na jirani wa juu. Mara ya kwanza walitofautiana. Mara ya pili walikunywa chai. Mtaro wa juu umegeuzwa nusu. Nusu nyingine bado tunaizungumza. Mkono wa bibi ulipona, lakini kifundo kimekaa vibaya, na jerikeni hawezi kulibeba kwa mkono ule. Mdogo wangu humchotea maji akitoka shule. Mimi nikiwa likizoni namchotea. Sijui kama hilo linatosha, wala sidhani kwamba kazi hiyo ni ya kupimwa na mimi.

Ninachojua ni kwamba kutoka chumbani hadi msikitini nilihesabu hatua zangu kama thawabu, na katika hatua hizo mbili nilizoruka nilikiacha kitu ambacho kingekuwa sadaka ya siku ile. Ndugu msomaji, kesho ukitoka kwenda sala ya Alfajiri na mvua imenyesha, tazama chini kabla hujaruka. Sala ina wakati wake, nayo robo saa ya jembe baada yake haitakukosesha darasa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoondoa udhia, asitufanye sisi kuwa udhia kwa waja wake, na awape shifaa wote walioumia katika njia zetu. Amin.

Wallahu a'lam.